Mtaa Uliopungua Inchi Mbili

Kwa miaka kumi na minane Mama Inchi alivaa tepu ya kupimia shingoni kama daktari anavyovaa kile chombo chake cha kusikilizia moyo, na yeye mwenyewe hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Daktari humshika mtu kifuani akamwambia vuta pumzi. Yeye humzungushia mtu tepu kifuani akamwambia acha kuvuta pumzi. Wote wawili huandika.

Aliandika katika daftari gumu lenye jalada jeusi. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kiuno, nyonga, kifua, urefu wa mkono, na tarehe aliyopimwa. Mtu akirudi baada ya mwaka, ukurasa wake ulimngoja. Mama Inchi aliweza kukwambia nani alinenepa baada ya kupandishwa cheo, na nani anaingiza tumbo ndani akiona tepu inakuja.

Kurasa za nyuma za daftari hilo zilikuwa za magonjwa.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa mama. Alisoma miaka saba tu, na kiu ya kusoma haikumwisha, kwa hiyo kila alipokwenda zahanati, hata kama ni kumsindikiza mtu, alisimama mbele ya mabango ya ukutani akanakili. “Upungufu wa damu,” aliandika. “Si kwamba damu imepungua kama maji kwenye ndoo. Ni ule wekundu wake, unaobeba hewa, ndio umekuwa mdogo. Tazama ndani ya kope la chini, kama ni peupe.” Tangu siku hiyo hakuna mtoto wake aliyetoka nyumbani kwenda shule bila kuvutwa kope. “Shinikizo la damu: damu inasukuma kuta za mishipa kupita kiasi. Mara nyingi haliumi. Unaweza kuwa nalo na unacheka.” Sentensi hiyo ya mwisho ilimfanya awaogope watu wenye furaha kwa mwezi mzima.

Lakini maneno aliyoyapigia mstari mara mbili ni yale aliyoambiwa na nesi wa zahanati, dada mmoja mwembamba asiye na haraka: “Dalili ni ile anayoihisi mgonjwa. Ishara ni ile anayoiona mtu mwingine.” Aliyapigia mstari kwa sababu nyumbani kwake alikuwapo mtu mmoja asiyehisi kitu na mwingine anayeona kila kitu.

Asiyehisi kitu alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi saa. Walifanya kazi chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani upande wa kushoto, meza ya saa upande wa kulia, katikati kiti cha wateja. Kwa hiyo Mama Inchi hakuhitaji kumpeleleza mtu. Alikuwa akikanyaga pedali ya cherehani huku jicho moja likihesabu. Jagi la maji la lita mbili, tupu kabla ya saa nne asubuhi. Safari za msalani, sita kabla ya chakula cha mchana. Kidonda cha kisigino, kilichotokana na kiatu kipya, wiki ya tatu sasa na hakijafunga. Na ile lenzi ya kubana jichoni, ambayo fundi saa hawezi kuona kitu bila hiyo, alikuwa amebadilisha mbili katika miezi miwili.

“Lenzi za siku hizi ni takataka,” mumewe alisema, akiipangusa ya tatu kwa ncha ya shati. “Wiki mbili tu, ukungu.”

“Baba watoto, twende ukapimwe sukari.”

“Nimekwambia nina nini?”

“Kiu.”

“Joto.”

“Jana mvua ilinyesha kutwa, na jagi ulilimaliza.”

“Kwa hiyo mtu akinywa maji ni mgonjwa? Asiponywa, utasema figo. Mke wangu, funga hilo daftari kabla halijatuzika wote.”

Mama Inchi akakanyaga pedali. Alijua kumbishia fundi saa ni kama kubishana na saa ya ukutani: inaendelea kugonga tu. Lakini kulala hakulala vizuri. Bango la kisukari alilinakili neno kwa neno, na kila alipolisoma alimwona mumewe, mstari kwa mstari, mpaka akafika pale palipoandikwa: “Kupungua uzito bila sababu.” Hapo akasimama. Kupungua! Hilo lilikuwa jambo la taaluma yake.

Alikuwa hajampima mumewe kwa miaka mitano, kwani suruali zake alizikata kwa kufuatisha suruali kuukuu. Asubuhi iliyofuata alimwendea na tepu, akamwambia anataka kumshonea suruali mpya. Mumewe akainua mikono bila kuinua macho kwenye saa. Mama Inchi akasoma. Akasoma tena. Akarudi kwenye daftari, akafunua ukurasa wa mumewe.

Miaka mitano iliyopita: thelathini na nane. Leo: thelathini na tatu.

Inchi tano! Roho ikamruka. Inchi tano ni mtoto mchanga mzima ametoka kiunoni.

Kabla hajafunga daftari, wifi yake akaingia. Wifi alikuwa dada mkubwa wa fundi saa, mwenye sauti ya kufikia ng'ambo ya barabara. Alitaka gauni.

“Nipime vizuri, wifi, gauni la safari hii nataka linishike. La miaka mitano iliyopita lilinishika, lakini kwa woga.”

Mama Inchi akampima nyonga. Arobaini na mbili. Kwenye daftari, nyonga zile zile zilikuwa arobaini na nne.

“Wifi,” alisema taratibu, “unajisikiaje?”

“Mrembo. Kwa nini?”

“Umepungua inchi mbili.”

Wifi akapiga kigelegele. Akajigeuza mbele ya kioo, akajishika kiuno, akamwita kaka yake atazame. “Na mimi nakula kama kawaida! Sijaacha hata kitu kimoja!”

“Hiyo ndiyo mbaya,” Mama Inchi alisema, na kwa sura yake kigelegele kilikatika katikati. “Kupungua kwa kujinyima, hiyo ni kazi. Kupungua bila sababu, hiyo ni ishara.”

Mchana akaja Seremala Bonge, jirani wa mlango wa tatu, aliyetaka ovaroli. Bonge alikuwa mtu wa kujaza mlango, na kiuno chake kilikuwa fahari ya daftari: arobaini na sita. Tepu ikasema arobaini na nne. Kesho yake wakaja wengine wawili, nao walikuwa wamepungua. Mwenye duka la maziwa inchi na nusu. Mwalimu wa jirani inchi mbili kasoro.

Mama Inchi alishika tama. Alipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, na popote alipokuwa na kipimo cha zamani na kipimo kipya, hapakuwa na aliyenenepa. Mtaa mzima ulikuwa unayeyuka mbele ya macho yake, na watu wanatembea wanacheka! Alikumbuka lile la shinikizo la damu, akahisi baridi.

Kuanzia hapo hakuna aliyetoka dukani kwake na kipande cha risiti peke yake. Kila mteja alitoka na maagizo. “Nenda zahanati, asubuhi, usile kitu, hata chai. Waambie wakupime sukari na damu. Waambie umepungua inchi mbili bila sababu. Wakikuuliza nani kasema, sema fundi wako.” Watu walimheshimu. Aliyewashonea nguo za harusi zikawakaa bila kuwafanyia majaribio mara mbili hakuwa mtu wa kusema ovyo. Wiki ile watu kumi na mmoja wa mtaa mmoja walipanga foleni zahanati bila kunywa chai, wamenuna, kila mmoja akishika suruali yake kiunoni kana kwamba itaanguka.

“Na wewe?” alimwuliza mumewe.

Fundi saa alitoa lenzi jichoni. “Tufanye hivi. Umewapeleka watu kumi na mmoja. Wakirudi na ugonjwa hata mmoja wao, nakwenda, sibishi. Wakirudi wazima, hutaniambia tena neno sukari isipokuwa unanipa ya chai.”

“Ni kweli?”

“Kweli.”

Mama Inchi akakubali mara moja. Inchi tano dhidi ya mbili za wengine! Kama wa inchi mbili wataonekana na kitu, wa inchi tano ataponea wapi? Kisha akajishtukia, akaona aibu, maana alikuwa amekaa pale anatamani majirani zake waumwe.

Ijumaa, Seremala Bonge alirudi. Hakubisha hodi, mlango ulikuwa mdogo kuliko hasira yake.

“Mama Inchi! Siku nne sijaweka sukari kwenye chai! Siku nne mke wangu ananitazama kama maiti! Leo nimepimwa. Sukari sawa, shinikizo sawa, damu sawa. Nesi kanipandisha kwenye mzani, kafungua kadi yangu ya mwaka jana. Unajua nimepungua kilo ngapi?”

“Ngapi?”

“Nimeongezeka mbili!”

Fundi saa aliacha kukaza skrubu.

“Haiwezekani,” Mama Inchi alisema. “Tepu imesema.”

Bonge akaiangalia tepu iliyokuwa shingoni mwa Mama Inchi, akafumba jicho moja kama mtu anayetazama ubao uliopinda. Akachomoa mfukoni futi yake ya chuma, ile ya seremala inayojirudisha yenyewe, akainyoosha juu ya meza ya kukatia. “Lete hiyo yako hapa.”

Wakazilaza sambamba, sifuri kwa sifuri. Inchi ya kwanza zilikwenda pamoja. Ya kumi, ile ya kitambaa ilikuwa imetangulia kidogo, kama mtoto anayevuta mkono wa mama yake. Inchi ya arobaini ya Mama Inchi ilikuwa imelala juu ya inchi ya arobaini na mbili ya Bonge.

Tepu ilikuwa imevutika. Miaka sita tangu inunuliwe, miaka ya kuzungushwa viunoni, kuvutwa, kuning'inizwa msumarini na mkasi ukiwa umefungwa mwishoni ili usipotee. Taratibu, uzi kwa uzi, ilikuwa imerefuka. Na tepu ikirefuka, mtu hufupika.

“Lakini nguo!” Mama Inchi alipata sauti. “Nguo zimewakaa vizuri! Hakuna aliyerudisha!”

“Kwani kitambaa ulikikata kwa tepu gani?” Bonge akauliza.

Kitambaa alikikata kwa tepu ile ile. Kosa lilimpima mtu, kosa lile lile likapima kitambaa, vyote viwili vikakutana kwenye mshono vikapatana. Asingelijua kamwe, maisha yake yote, kama asingefungua daftari.

Fundi saa alikuwa ameinamia meza. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mwishowe cheko likamtoka, akacheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka akahitaji maji, akanywa glasi mbili, akaendelea kucheka. “Kumbe mgonjwa ni tepu! Mke wangu, ipeleke zahanati! Isile kitu asubuhi!”

Jioni habari ilikuwa imefika mwisho wa mtaa na kurudi. Wifi alikuja kwa ajili hiyo tu.

“Wifi, nimekaa njaa asubuhi mbili kwa ajili ya kamba yako.”

“Nisamehe, wifi yangu.”

“Sikusamehe. Ulinipa inchi mbili, nikawaandikia watu, nimemtangazia mpaka shemeji yangu wa mbali. Sasa umezichukua. Zirudishe.”

Mama Inchi alicheka nao, angefanyaje. Lakini moyoni hakucheka. Wote kumi na mmoja walikuwa wamerudi wazima, ahadi ilikuwa ahadi, na jagi lilikuwa tupu tena.

Jumatatu alinunua tepu mpya. Kabla ya kulipa alimfanya mwenye duka ailaze kando ya rula ya chuma, mwanzo mpaka mwisho, huku foleni nyuma yake ikisonya. Akaja nayo nyumbani, akaanza kuwapima watu upya, mmoja mmoja, kwa kuomba radhi. Mwenye duka la maziwa: alivyokuwa. Mwalimu: alivyokuwa. Wifi akarudi arobaini na nne, akasusa. Bonge akarudi arobaini na sita na robo, akaomba robo isiandikwe.

Akabaki mmoja.

“Inua mikono, baba watoto. Ya suruali tu. Sitasema lile neno.”

Akainua. Mama Inchi alizungusha tepu bila kuivuta, kidole kimoja ndani kama inavyotakiwa, akasoma, akamwita binti yao wa mwisho aliyekuwa anafanya kazi za shule kwenye kiti cha wateja, naye akasoma. Thelathini na nne na nusu.

Mama Inchi hakwenda kulifungua daftari. Alilijua. Tepu ya zamani ilikuwa imemsingizia inchi moja na nusu, kweli. Lakini ukiondoa uongo wote wa tepu, inchi tatu na nusu zilibaki, na hizo hazikuwa za tepu. Mtaa mzima ulikuwa umerudi mahali pake. Mtu mmoja tu hakurudi.

Alitaka kupiga kelele. Badala yake akakaa chini, mkono kwenye gurudumu la cherehani.

“Nimesema ukweli wangu mbele ya watu,” alisema. “Sivyo? Nilisema watu wamepungua, kumbe chombo changu kimeharibika. Nikakubali. Nikachekwa.”

“Umekubali vizuri,” mumewe alisema, kwa upole.

“Basi na chako tukipime.”

“Changu kipi?”

“Lenzi.”

Fundi saa akashtuka kidogo. Mama Inchi akanyoosha mkono, akaichukua ile lenzi ya tatu, na kutoka kwenye droo akazitoa zile mbili za kwanza zilizotupwa. Akampa binti yao zote, na saa ndogo ya kike iliyokuwa wazi mezani.

“Mwanangu, soma namba zilizochongwa ndani hapo. Anza na lenzi ya zamani kabisa.”

Binti akabana lenzi jichoni, akakunja uso kama baba yake. Akasoma namba saba bila kusita. Akabadilisha lenzi, akasoma zile zile. Akabadilisha ya tatu. “Zote zinaonyesha sawa, mama. Hata mkwaruzo huu pembeni nauona.”

Fundi saa aliipokea lenzi. Akaiweka jichoni, akainamia saa ile ile. Alikaa hivyo kwa muda. Saa kumi na tisa za ukutani zilikuwa zinagonga, kila moja kwa mwendo wake. Akaipangusa lenzi kwa ncha ya shati. Akatazama tena. Akaitoa, akaiweka mezani taratibu, mbali na ukingo.

“Ukungu hauko kwenye kioo,” alisema.

“Hauko.”

“Zahanati inafungua saa ngapi?”

“Saa moja na nusu,” Mama Inchi alisema, haraka mno, kwa sababu jibu hilo lilikuwa limekaa mdomoni kwa miezi miwili. “Usile kitu. Hata chai.”

Alikwenda kesho yake, bila chai, na hasira za asiyekunywa chai. Nesi alipomwona Mama Inchi mlangoni alifunga macho kidogo. “Fundi, wa leo amepungua inchi ngapi?”

“Tatu na nusu, nesi. Tepu mpya. Nimeilinganisha na chuma.”

Nesi akamchoma kidole fundi saa, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kupimia sukari, kijiti kikiwa tayari kwenye mashine yake. Mashine ikahesabu kurudi nyuma, ikatoa namba: kumi na tatu. Nesi akaacha utani. Akamketisha, akamwuliza maswali, na kwa kila swali fundi saa alimtazama kwanza mkewe, kama mwanafunzi anayetazama daftari la mwenzake.

“Mtu ambaye hajala, tunategemea chini ya sita hivi,” nesi alieleza. “Hiki ni kisukari, mzee wangu. Sukari unayo, tena nyingi, lakini imebaki kwenye damu. Haiingii mwilini kufanya kazi. Kuna kitu kinaitwa insulini, ndicho kinachoifungulia mlango. Kwako mlango umekuwa mgumu. Kwa hiyo mwili una njaa huku damu imeshiba, ndiyo maana unakonda. Figo zinahangaika kuimwaga hiyo sukari kwa mkojo, ndiyo maana ya kiu. Na macho yanapata ukungu.”

Fundi saa alifikiri. “Kama saa yenye betri nzima, lakini pale betri inapogusa pameshika kutu. Umeme upo, haufiki.”

Nesi alimtazama. “Naomba nilitumie hilo kwa wengine.”

“Na kutu hiyo inasuguliwa ikaisha?”

“Tunaita ugonjwa sugu. Watu wakisikia sugu wanafikiri ni kufa. Sugu maana yake unakaa muda mrefu, basi. Vidonge, chakula cha kipimo, kutembea, na hiyo miguu uikague kila siku, kuanzia na hicho kisigino tutakachokisafisha leo. Macho na figo navyo tutavipima. Ungekawia, tungezungumza mengine.”

“Saa inayochelewa,” fundi saa alisema, akitikisa kichwa. “Huitupi. Unairekebisha kila asubuhi.”

Mama Inchi alikuwa amesimama nyuma ya kiti na daftari, anaandika. Alipofika kwenye “ungekawia”, kalamu ilisimama, akageuka ukutani kusoma bango la minyoo mpaka macho yakauke.

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Walipofika kwenye kona, Wifi akawaona, akapaza sauti kutoka ng'ambo: “Haya, kaka! Tepu imesemaje?”

“Imesema kweli,” fundi saa akajibu, na Wifi, ambaye hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo, akavuka barabara bila kutazama magari, akamshika mkono.

Baada ya wiki saba kisigino kilikuwa kimefunga. Jagi la maji lilikuwa linafika mchana likiwa na maji. Bonge alitoa futi yake ya zamani ya chuma ipigiliwe kwenye ukingo wa meza ya kukatia, na kila mwanzo wa mwezi fundi saa mwenyewe aliilaza tepu juu yake, akainama na lenzi jichoni, akatia sahihi kwenye daftari: sawa. Zile lenzi mbili za kwanza alizitoa kwenye droo, akazirudisha kazini.

Ile suruali mpya ilikamilika siku hiyo hiyo aliyosema haoni tena ukungu. Ilimkaa vizuri, thelathini na nne na nusu. Aliigeuza ndani nje kuikagua, kama anavyokagua kila kitu, akakuta kwenye mshono wa nyuma kitambaa kimekunjwa na kuachwa, kipana kuliko kawaida.

“Fundi mzima unapoteza kitambaa hivi? Hiki chote cha nini?”

Mama Inchi alikuwa amebana pini mdomoni, akazitoa moja moja.

“Cha kupanulia, ukirudia mwili wako,” alisema. “Lete hicho kiuno nikipime.”